Wageni Ndani ya Ngome

Caren Chepyegon alikuwa karani katika kiwanda cha chai nje ya Kericho. Mwaka 1997 ofisi ilipopata kompyuta, Obiero wa uhasibu akaingiza humo mchezo wa falme za kale za Wazungu. Saa ya chakula cha mchana kila mmoja aliongoza ufalme wake, akijaribu kuufikisha mwaka 1300. Wenzake Caren wote walikuwa wameshindwa. Yeye alikuwa amebakisha miaka sita tu.

Alicheza kama alivyolelewa. Baba yake kule Longisa hakuweka ng'ombe wote boma moja. Wengine walikaa kwa rafiki kule Ndanai, wengine kwa rafiki kule Chepseon, ili ugonjwa ukiingia usiwamalize. Kwa hiyo Caren aliweka nusu ya wanajeshi wake kwa mtawala mdogo wa milimani aliyeendeshwa na mashine, rafiki yake tangu mwanzo, mwenye ngome moja tu.

Jumanne hiyo, mtawala huyo akawageuza wanajeshi wale kuwa wake na kuteka mji mkuu wa Caren.

"Mama Kiplimo, umeangushwa na kifaranga," Obiero akamcheka, akimwita Caren kwa jina la mwanawe.

"Mtu unamwachia ng'ombe, anakuja kukushambulia nao," Caren alisema. Uso wake ulikunjamana kama wa aliyekanyaga uchafu. "Shenzi."

"Si nilisevu mchezo wako jana? Turudi pale ulipokuwa. Sasa unajua tabia yake. Mpige kwanza."

Caren alisita. Miaka sita tu. Akarudi siku ya kabla ya usaliti, akawaamuru wanajeshi wake, waliokuwa wakila chakula cha mwenyeji wao, wamshambulie kutoka ndani. Ngome ikaanguka. Mtawala akafa.

Mara ujumbe ukatokea: adui mwingine alikuwa ameuvamia mji mkuu wa Caren, lakini jeshi la rafiki wa milimani, lililotumwa kabla ngome yake haijaanguka, lilikuwa limefika na kumfukuza.

"Obiero, huyu si ndiye aliyenisaliti?"

"Ni yeye. Lakini mashine huamua upya kila mara. Safari hii aliamua kukusaidia."

Mwaka 1300 ulifika ufalme ukiwa mzima. Obiero akachukua kalamu kuandika jina la mshindi wa kwanza ukutani.

"Usiandike," Caren alisema.

"Mama, si umeshinda?"

"Nimewachinja watu waliokuwa wananilisha. Ukiandika hapo, nitakuwa nikiliona kila asubuhi."

Alisukuma kikombe chake cha chai kando. Kilikuwa bado kimejaa, na hakuweza hata kukinusa.