Mkaguzi wa Nyama Asiyekula Nyama

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kichinjio kimoja cha Marani, Kisii, Mkaguzi Mkuu alinikabidhi kisu, chuma cha kunolea na muhuri. Kisha akaniuliza, "Kemunto, wewe unapenda ng'ombe sehemu gani?" Nikamwambia mimi sili nyama. Alicheka mpaka akajishika mbavu. "Serikali imeniletea mwalimu wa kuogelea anayeogopa maji!"

Mimi sikuona cha kuchekwa. Nyumbani kwetu Nyansiongo tulikuwa Wasabato, na mama alipoacha nyama, jiko zima liliacha. Tulikula chinsaga, yaani mboga ya mgagani, maharagwe, ndizi na maziwa, na hakuna aliyekonda. Kazi hii niliitafuta kwa sababu jirani yetu alizikwa baada ya kula ng'ombe aliyekufa kwa kimeta. Kula nyama ni hiari ya mtu, lakini kuuawa na chakula chako si hiari.

Kazi yenyewe ilikuwa na sehemu mbili. Kwanza unamkagua mnyama akiwa hai: macho, pua, mwendo wake. Akishachinjwa unapasua tezi, unachunguza mapafu, unakata ini kutafuta minyoo bapa. Kinachofaa kinapigwa muhuri wa wino, kisichofaa kinakwenda shimoni. Bila muhuri wangu, bucha haikuwa na ruhusa ya kuuza.

Lakini kuna jambo nililifumbia macho miaka mingi. Waswagaji, yaani watu wa kuleta ng'ombe kwa miguu kutoka sokoni, waliwapiga rungu njia nzima, wengine wakiwapinda mkia mpaka mfupa unaachana. Ngozi ikitoka, mchubuko unajianika wenyewe: mwekundu kama ni wa leo, wa kijani na manjano kama ni wa siku kadhaa. Kanuni ilisema nyama hiyo ikatwe, itupwe. Sisi tulikwangua juu juu, tukapiga muhuri. Mkaguzi Mkuu aliita hiyo kuishi na watu.

Baadaye nilipelekwa ng'ambo, nchi ya baridi, kuongeza masomo ya kazi hiyo hiyo. Nilimweleza mpishi wa chuo kwamba sili nyama. Akaniletea supu, akasema kwa furaha, "Nyama nimeopoa yote!" Nikaishi kwa viazi na unga wa wimbi niliobeba kutoka nyumbani, na unga ulipokwisha nililia kama mtoto.

Nje ya kichinjio tulichofanyia mafunzo walisimama watu wenye mabango, wakidai wanyama wasiuawe kabisa. Kwa kuwa nilikataa nyama, wanafunzi wenzangu walidhani mimi ni wa kundi hilo. Walinikosea, maana mimi niliwaona ni watu walioshiba wakakosa kazi. Lakini mmoja wao, mama wa makamo aitwaye Ingrid, alisikia habari zangu akanikaribisha kwake. Alipika dengu. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu nishuke ndegeni, nilikula nikashiba.

"Acha kazi hiyo," aliniambia tukinywa chai.

"Nikiacha, ng'ombe wa kesho atachinjwa vilevile. Atakayesimama kando yake tu ndiye atakayekuwa mwingine."

"Sawa. Na wewe unayesimama kando yake, unamfanyia nini?"

Niliona aibu. Nilirudi nalo swali hilo mpaka Kisii.

Nilipangiwa kichinjio cha upande wa Itumbe. Mkaguzi Mkuu wangu wa zamani alikuwa amepanda cheo, sasa ndiye afisa wa mifugo wa eneo zima. Asubuhi ya kwanza nilikata mchubuko wa paja mpaka mfupani, nikautupa shimoni. Nyakundi, mwenye bucha, alishika kichwa.

"Mama! Hilo karibu ni paja zima unanitupia!"

"Muulize aliyeshika rungu," nikamwambia.

Nilikata hivyo kila siku. Wenye bucha wakapeleka malalamiko, na afisa akaja mwenyewe. Walisimama nyuma yake, wakinitazama.

"Kemunto, umeturudia na mambo ya watu wa mabango. Watu wa hapa wanakula nyama."

"Wale, mzee. Sijamkataza mtu."

"Basi piga muhuri."

Nilikuwa na watoto watatu shuleni, na kazi yangu ilikuwa mdomoni mwake. Niliogopa, sitaficha. Lakini niliufuta muhuri, nikauweka mezani mbele yake.

"Kanuni hii ni wewe uliyenifundisha. Kama unaona nyama iko sawa, piga wewe, halafu uandike jina lako."

Alibonyeza kwa kidole paja lililochubuka, lililoning'inia mbele yetu. Damu iliyovilia ikatoka. Aliuchukua muhuri, akaugeuza mkononi, kisha akaurudisha mezani.

"Kata," akasema, akaondoka bila kuaga.

Nyakundi ndiye aliyetangulia kumwachisha kazi mswagaji wa rungu. Wengine walifuata wakinung'unika. Wachache hawakubadilika kamwe, na hao niliwakatia mpaka mwaka wangu wa mwisho.

Ninyi vijana mnaoingia kazi hii mtaambiwa muishi na watu. Ishini nao, lakini kisu kiwe kikali. Ingrid huniuliza kwa barua kama nimekuwa mmoja wa watu wa mabango. Namjibu hapana. Bango sijawahi kubeba, na arusi za wanangu zilichinjiwa ng'ombe kama za watu wote. Ila swali lake la siku ile sasa nina jibu lake.

Siku ya kustaafu, wenye bucha waliniletea zawadi. Nyakundi, mvi tupu, aliingia uani kwangu akiongoza mtamba kwa kamba, kutoka sokoni kwa miguu.

"Bwakire, Mama," akanisalimu kwa Kikisii. "Nyama huli, basi tumekuletea wa maziwa."

Kabla sijasema asante, mkono wangu ulikwenda wenyewe: mgongoni, pajani, mpaka kwenye shina la mkia. Nyakundi akatokwa na jasho kana kwamba anayekaguliwa ni yeye. Nilipapasa upande wa pili pia, polepole, bila kuharakishwa na mtu. Hapakuwa na uvimbe hata mmoja.

"Amepita," nikasema, na machozi yakanitoka mbele yao wote.