Picha ya MRI ya mkono wangu ilivyopigiwa kura uwanjani

Wakuu, heshima zenu. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Baraka, na sijajipendelea popote, maana sina pa kujipendelea.

Mimi ni fundi cherehani. Jioni nadakia timu ya mtaani. Nina miaka thelathini na minane na kitambi, lakini nikivaa gloves najiona Ulaya bado wananisubiri.

Nilidaka penalti vibaya, kifundo cha mkono wa kulia kikavimba. X-ray ikaonyesha mfupa mzima. Basi nikacheza mechi tatu zaidi, huku nikikandwa kwa maji ya chumvi na kulia kimya kimya.

Daktari wetu wa hapa mjini akasema niende MRI. X-ray ni ya mifupa, MRI inaonyesha na kano, zile kamba zinazovuta vidole. Kwetu haipo, nikavuka mpaka hadi Bujumbura.

Nililala kifudifudi, mkono mbele, ndani ya bomba linalogonga kama gereji. Nikaambiwa nisitikisike. Nilitulia kwa mara ya kwanza tangu niumie.

Nikapewa picha kubwa nyeusi na bahasha ya majibu iliyofungwa, vyote nimpelekee daktari wetu.

Hapa ndipo akili ilihama. Kesho yake tulikuwa na mechi na timu ya Nundu, nami nikapitia uwanjani kwanza, kabla ya kwa daktari.

Kamati nzima ya timu ikaiinua picha juani. Kocha, ambaye kazi yake ni kuuza samaki, akaikagua sana.

"Mi sioni kamba yenye imekatika," akasema. "We iko muzima."

Katibu akaishika juu chini, naye akakubali. Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono kwamba nidake. Nami nilinyoosha, ila wa kushoto, maana wa kulia haukupanda.

Nyumbani mke wangu akaiona bahasha, akauliza, "Na ile enveloppe inasema nini?"

"Ile ni ya docteur," nikajibu.

"Basi pelekea docteur."

Nikamwambia bamama hawajue mambo ya ballon, mpira una wenyewe.

Kesho yake, dakika ya kumi ya mechi, likaja shuti jepesi, hata mtoto angelidaka. Nikasikia kitu kimeachia ndani ya mkono. Mpira ukaingia, kidole gumba kikalala.

Siku iliyofuata daktari akafungua bahasha, akanisomea: kano ya kidole gumba imechanika nusu, mkono ufungwe, asicheze wiki sita.

Wiki sita tu, wakuu. Hakunigombeza. Ningefurahi angenigombeza.

Sasa kano imekatika kabisa, nasubiri upasuaji. Gumba halinyanyuki, kwa hiyo mkasi haufunguki. Mke wangu anakata vitambaa, mimi nakanyaga cherehani. Wateja wanasema anakata vizuri kuliko mimi. Tunacheka wote, halafu naumia peke yangu.

Nilichojifunza: picha ya MRI asiisome mtu anayetaka ucheze kesho, hasa akiwa ni wewe mwenyewe.

Kunicheka ruksa, nimeshaanza. Ila kama kuna aliyeshonwa kano ya gumba, aniambie ukweli: mkasi aliushika tena?