Risala na Upepo wa Ihanja

Pale Ihanja upepo wa mwezi wa nane hauna adabu. Unavua kofia za wazee, unapeperusha vumbi mpaka ndani ya sufuria, unameza maneno ya mtu kabla hayajamfikia anayesemeshwa. Kwa sababu hiyo Mwalimu Agripina, tangu alipokabidhiwa darasa la saba, hakuwahi kumchagua msomaji wa risala ya mahafali akiwa amekaa ofisini. Kazi hiyo aliuachia upepo.

Utaratibu wake ulijulikana na shule nzima. Waliotaka kusoma walisimama chini ya mlingoti wa bendera, mmoja baada ya mwingine, karatasi mkononi. Wenzao walikwenda hadi kwenye ua wa michongoma mwisho wa uwanja, wakageuka na kuwapa mgongo, wasije wakasoma midomo badala ya kusikiliza. Msomaji akimaliza, aliyesikia kila neno alinyoosha mkono. Aliyepotelewa na neno hata moja aliuacha chini. Mwenye mikono mingi ndiye aliyesimama mbele ya mgeni rasmi, na hapakuwa na mzazi wa kulalamika, maana upepo hauna shemeji wala mtoto.

Mwaka huo, lakini, mwalimu mwenyewe alikuwa na mtoto darasani.

Nyumbani kwa marehemu Zefania, mume wa Agripina, risala ilikuwa kama shamba la ukoo. Zefania aliisoma katika shule hiyohiyo alipokuwa kijana mwembamba wa darasa la saba. Mwanawe wa kwanza, Moses, aliisoma. Luciana aliyemfuata aliisoma mpaka mgeni rasmi wa mwaka ule akasimama kumpigia makofi. Picha za wote watatu zilitundikwa sebuleni, zimepangwa kwa umri. Baada ya picha ya Luciana palikuwa na msumari mtupu. Zefania aliupigilia kwa mkono wake Emiliana alipokuwa bado anatambaa, akacheka akisema, "Huu ni wa kitinda mimba." Kisha akafa kabla kitinda mimba hajajua kusoma.

Agripina aliendelea na malezi peke yake, na hakuna aliyewahi kuwaona watoto wake wamevaa nguo isiyopigwa pasi. Alikuwa na stashahada ya ualimu, alisoma gazeti likimfikia hata kama ni la wiki iliyopita, na watu walipotaja "nyumba ya marehemu Zefania" walishusha sauti kidogo. Naye alipenda washushe. Kila asubuhi alipofunga mlango aliuona ule msumari, na kila asubuhi alijiambia kuwa hautabaki mtupu.

Emiliana alikuwa mtoto mtulivu mwenye kumbukumbu kali. Shuleni alimwita mama yake Mwalimu, nyumbani akamwita Mama, na mpaka wa majina hayo mawili ulikuwa mti wa mnyaa pale njia ya nyumbani inapoanzia. Mara chache alichanganya.

"Mwalimu, naomba chumvi," alisema siku moja mezani.

"Nyoosha mkono kwanza," mama yake akamjibu, wakacheka mpaka ugali ukapoa.

Darasani Agripina hakumpendelea. Tena wenzake walimwonea huruma, kwa jinsi alivyokuwa akiulizwa maswali magumu. Agripina alifundisha hisabati kwa vitu walivyovijua wanafunzi wake. Somo la asilimia alilifundisha kwa ua la alizeti lililokauka, watoto wakachambua mbegu zilizojaa na zilizo pepe, wakatafuta sehemu ya kila kundi katika mia. Noel, mchekeshaji wa darasa, aliulizwa asilimia ya mbegu zilizopotea mezani kwake. "Hazijapotea, Mwalimu," akasema huku akitafuna. "Zimehamia."

Lakini nyumbani palikuwa na somo jingine ambalo wenzake Emiliana hawakulijua. Tangu mwezi wa pili Agripina alikuwa ameshaandika risala, akampa mwanawe aishike kwa kichwa. Akiwa jikoni anapika mlenda aliita tu, "Ndugu mgeni rasmi!" na Emiliana, akiwa uani anafagia, akaendelea: "Ndugu mwalimu mkuu, walimu wetu wapendwa, wazazi na wageni waalikwa..." Agripina hakuona kama anadanganya mtu. Alisema moyoni kwamba mzazi yeyote ana haki ya kumsomesha mwanawe, na kwamba upepo ndio utakaoamua.

Mwezi wa tatu shule ilipata madawati mapya. Mwezi wa nane, mtihani wa taifa ukiwa umekaribia, darasa lilikaa kuandika risala yao, kila kundi likitoa sentensi. Pale ambapo karatasi ya nyumbani iliomba madawati, darasa liliomba tangi la kuvunia maji ya mvua. Agripina alisahihisha, akaisifu, akagawa nakala. Emiliana naye alipata yake. Lakini kichwani mwake ile ya zamani ilikuwa imekwisha kuota mizizi.

Siku ya kushindana na upepo walijitokeza watatu. Noel alianza, upepo ukamnyang'anya sentensi nzima nzima, akamaliza huku anajicheka mwenyewe. Akafuata Deo, mtoto wa Evodia muuza vitunguu, kijana mwenye sauti nzito kuliko umri wake. Sauti ilifika mpaka kwenye ua bila shida. Ila katikati ya risala karatasi ilimpinda, akahangaika kuinyoosha, na maneno kadhaa yakapotelea hapo. Mikono mingi ilinyooka, mingine michache ikabaki chini.

Emiliana akasimama. Upepo uliipiga karatasi yake ikamfunika uso. Hakuhangaika nayo. Aliishusha, akainua kichwa, akaacha kumbukumbu imbebe. Sauti yake ilikwenda ikiwa kavu na safi, neno baada ya neno, na Agripina aliyesimama kando ya mlingoti akatabasamu.

"Ndugu mgeni rasmi," Emiliana akasema, "shule yetu ina changamoto kubwa. Tunaomba madawati, kwani wadogo zetu wanakaa chini sakafuni."

Kule kwenye ua migongo ikaanza kutikisika kwa kicheko. Emiliana alifika mwisho, akasema, "Tunaomba kuwasilisha," na mikono yote ikanyooka. Hakuna hata mmoja uliobaki chini.

"Mwalimu, tumesikia kila neno!" Noel akapaza sauti. "Hata lile ambalo hatukuliandika!"

Darasa likaangua kicheko. Deo hakucheka.

"Madawati si yalikuja mwezi wa tatu, Mwalimu?" akauliza, kwa heshima kabisa. "Hiyo risala yake ameipata wapi?"

Kicheko kikakatika. Emiliana alimtazama mama yake, na kwa mara ya kwanza katika uwanja wa shule macho yake yalimwita Mama.

Agripina alijua kwamba kwa sheria yake mwenyewe mtoto ameshinda. Angeweza kusema ni ulimi tu umeteleza, na watoto wangekubali, maana yeye ni mwalimu. Aliuona ule msumari akilini. Aliukumbuka pia usemi wa Mama Deo, ambao wauza vitunguu wenzake walikuwa wakiurudia kila siku ya mnada Ikungi: "Watoto wa nyumba ile huzaliwa na risala mkononi." Miaka yote aliuchukua kama sifa. Leo aliusikia upya, akaona jinsi unavyoweza kuchoma mtu.

"Deo ameuliza vizuri," akasema. "Ameipata kwangu. Nimemfundisha nyumbani tangu mwezi wa pili, ninyi mkiwa hamna hata karatasi. Haya hayakuwa mashindano ya haki, na kosa si lake, ni langu. Msomaji ni Deo."

Hakuna aliyepiga makofi. Walirudi darasani, wakakaa kwenye yale madawati.

Jioni Emiliana alivuka mnyaa kuelekea nyumbani. Alifagia uani, akachota maji, akakaa kwenye ngazi ya mlango.

"Mama, mbona hukuniambia niisahau ile ya kwanza?"

"Haikunijia akilini, mwanangu."

"Uliniambia niishike, nikaishika. Kwa hiyo nimekosa kwa sababu nilikusikia."

Agripina alikaa kwenye ngazi kando ya mwanawe. "Pole," akasema. "Pole sana, mama yangu." Emiliana akamwegemea begani, na hapo walikaa mpaka kuku wakaingia bandani wenyewe.

Kesho yake shuleni, wakati wa uji, Agripina aliona kitu kupitia dirishani. Emiliana alikuwa amemfuata Deo akiwa na kipande cha mbao nyembamba na vibanio vya nguo kutoka kwenye kamba ya nyumbani.

"Wewe Deo, sauti unayo," alikuwa akimwambia. "Mikono ndiyo huna. Karatasi inakushinda."

"Na wewe mikono unayo, risala huna," Deo akamjibu.

Wakatazamana, kisha wote wawili wakapasuka kwa kicheko. Kuanzia siku hiyo, baada ya mazoezi ya hisabati, walikwenda pamoja kwenye mlingoti. Emiliana alibana karatasi juu ya mbao, akaishika mbele ya Deo, akajipanga upande upepo unakotokea. Hakuna aliyemtuma.

Mtihani wa taifa ulipita salama, na Jumamosi iliyofuata ikawa mahafali. Maturubai yalifungwa kwa kamba mbilimbili. Mgeni rasmi alikuwa Bwana Chetan, mwenye mashine ya kukamulia alizeti kule Utemini, mjini Singida. Alishuka kwenye gari na kabla hajampa mkono mtu yeyote akawaendea wazee walioketi mbele, akawaamkia shikamoo mmoja mmoja, wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Wahitimu waliingia kwa mwendo wa madaha, mashati meupe, viatu vimeng'arishwa, akina mama wakiwapigia vigelegele kila hatua.

Mshereheshaji alipoita risala, walitoka wawili. Minong'ono ikapita chini ya turubai. Agripina aliisikia, akakaa wima.

Deo akaanza. Emiliana alisimama ubavuni mwake, mgongo wake ukiwa ukuta wa kuzuia upepo, mbao mikononi. Sauti ilivuka wageni, ikavuka wazazi, ikafika mpaka kwa wapishi waliokuwa kwenye masufuria ya pilau, wakaacha kukoroga. Alipofika kwenye tangi la maji upepo ulikuja na hasira, ukang'oa kibanio kimoja. Emiliana aliibana karatasi kwa kidevu, macho yakiwa mbele, na Deo hakupoteza hata herufi.

"Tunaomba kuwasilisha."

Bwana Chetan alisimama, akasema tangi hilo atalileta yeye kabla ya mvua za mwanzo, na akawaomba mafundi wa kijiji waanze kujenga msingi wake. Lakini Agripina hakuyasikia yote. Mama Deo alikuwa amekwisha kutoka kwenye kundi la wazazi akicheza, kitenge kipya kimekunjuliwa kwa mikono miwili. Alikuja kumtunza mwanawe. Alipofika alimfunika Deo begani, akamvuta na Emiliana, akawafunga wote wawili ndani ya kitenge kimoja. Mpiga picha akabonyeza.

Wakati wa chakula Mama Deo alikuja na sahani yake akakaa karibu na Agripina.

"Mama Moses, nilikuwa na maneno yangu juu ya nyumba yako."

"Nayajua. Yamenifikia."

"Basi leo nimeyameza pamoja na huu wali." Akacheka, akamsogezea Agripina kipande chake cha nyama. "Mwanao amemkinga mwanangu na upepo mbele ya watu wote. Hilo sijawahi kuliona."

Wiki iliyofuata Agripina aliitia picha kwenye fremu, akaitundika kwenye msumari wa Zefania. Moses, aliyetumiwa picha hiyo kwenye simu, alipiga kutoka Dodoma.

"Shikamoo, Mama. Mbona kwenye picha wako wawili? Aliyesoma ni yupi?"

"Marahaba. Aliyesoma ni Deo wa Evodia."

"Na Emiliana je?"

"Emiliana aliishika risala," Agripina akasema, na sauti yake haikuwa na aibu hata chembe. "Baba yako aliisoma, wewe uliisoma, dada yako aliisoma. Aliyeishika isiruke ni huyu peke yake."

Nyuma yake Emiliana alikuwa amesimama katikati ya sebule, kichwa amekilaza upande, anaitazama fremu.

"Mwalimu," akasema, "imepinda."

"Nyoosha mkono kwanza," mama yake akamwambia.