Mkebe Uliofura

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hata nikifumba macho naiona. Nilikuwa bibi harusi wa miezi miwili, nakaa Makadara, na mama mkwe wangu alikuwa aje kula chakula cha mchana kwangu kwa mara ya kwanza. Nami badala ya kuketi juu ya mbuzi nikune nazi kama mama zangu, nikaenda supamaketi kununua tui la mkebe. Uvivu tu, sina jina jingine.

Kwenye kaunta, msichana wa mashine aliugeuza mkebe mkononi. "Dada, huu umefura. Karudishe uchukue mwingine," akasema kwa adabu zake. Nami nina haraka, na kichwa kikubwa.

"Kazi yako ni kupiga mashine, si kunifunza kupika!" Akaupiga mashine, akanipa.

Nilipoufungua, mama mkwe keshaketi ukumbini. Lo! Uvundo ulijaa nyumba nzima. Nikapika wali mkavu, mchuzi mkavu, bila tui. Mama mkwe akala matonge matatu, akauliza, "Kwani Mombasa nazi zimekwisha?" Wallahi, nilitamani ardhi ipasuke.

Nikajitia buibui, nikamwacha mama mkwe ukumbini, mimi huyo mbio supamaketi. Nikapiga kelele mpaka foleni nzima ikageuka: mwatuuzia uozo! Meneja akatoka, akauliza nani kaniuzia. Nikanyoosha kidole. "Huyu!" Yule msichana alinitazama tu. Meneja akamwambia avue sare aende zake, hapo hapo mbele za watu. Mimi nikapewa mikebe miwili mipya, nikarudi nimevimba kwa ushindi.

Nikamhadithia mama mkwe yote, hata lile jibu langu la asubuhi, nikidhani atacheka. Hakucheka.

"Yeye alikuonya, nawe ukamfukuzisha kazi?"

"Mama, uozo ni wa duka lao..."

"Duka lina mwenyewe. Mwenyewe umemwacha, umemwangukia mnyonge. Wali wako nitausahau kesho. Hili silisahau. Inuka, urudi!"

Nikarudi. Nikamwambia meneja kweli, kwamba binti alinionya. Akacheka, akasema keshakwenda, yuaishi Bondeni, nyumba haijui. Nilizunguka Bondeni nikibisha milango mpaka adhana ya magharibi, nisimpate. Huko njiani ndipo nilipoufahamu ule mtazamo wake: alikuwa akingoja mimi niseme.

Sasa leo nakuona na simu yako, mwanangu. Maziwa yamechacha, umempiga picha mtoto wa watu aliyekuuzia, wataka kumtangaza mji mzima. Mimi sikwambii unyamaze. Ukiuziwa uozo, rudi nao, dai haki yako, lakini mdai mwenye duka. Na kama una neno la kweli la kumwokoa mwenzio, liseme pale pale, usingoje ufike nyumbani. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, dole hupona. Haya, ifute hiyo picha, nikuone.

Mungu akupe ulimi wa haki, mwanangu, na kila utakayemkosea akujaalie umpate uso kwa uso, umwombe radhi naye akusamehe. Mimi wangu, mpaka uzee huu, kila kaunta namtafuta.