Baiskeli ya Karani Majivuno

Juzi nilinunua mandazi kwenye soko la Mahoko, na mama aliyeniuzia akanifungia kwa karatasi ya daftari la mwanafunzi. Tangu mifuko ya plastiki ikatazwe, karatasi zimerudi kazini. Mafuta ya moto yalipoanza kuingia kwenye wino, harufu ile ikapanda, nami nikasimama katikati ya njia, watu wakinipita na magunia yao ya viazi. Nikaikunjua karatasi, nikasoma hesabu za mtoto wa watu, mbele na nyuma, mandazi yakipoa. Wanangu wanasema huu ni ugonjwa. Siwezi kula kitu kilichofungwa kwenye karatasi kabla sijaisoma, na nikimaliza kuisoma nasikitika, kwa sababu siyo ile ninayoitafuta.

Ninayoitafuta ni karatasi ya gazeti la vichekesho, tena ukurasa mmoja tu.

Tuliporudi Rwanda kutoka Congo na kuhamia Gisenyi, tulikuja na sufuria chache, magodoro, na sanduku la bati la Papa. Mama alitaka sanduku hilo libaki Goma ili tubebe vyombo zaidi. Papa hakubishana naye. Alilikalia tu mpaka gari likaondoka. Ndani yake mlikuwa na magazeti ya katuni ya miaka ya hamsini, aliyoyakusanya babu alipokuwa karani kwenye shamba la kahawa huko Masisi. Karatasi zilikuwa zimegeuka rangi ya chai ya maziwa, mende wamekula pembe, na kila ukurasa ulikuwa unamcheka mtu: chifu aliyesinzia kwenye baraza lake, mwalimu aliyesahau hesabu ubaoni, mzungu aliyepotea ndani ya migomba yake mwenyewe.

Lakini kati ya hao wote wa kuchorwa, mwenye sanduku hasa alikuwa Karani Majivuno. Huyo alikuwa kapera, ana helmeti kubwa iliyomfunika masikio, na hakuna msichana aliyemtaka. Alikuwa na baiskeli asiyojua kuiendesha. Aliisukuma ofisini, akaisukuma kanisani, suti imenyooka, na watu wakimwuliza mbona haipandi, anajibu, "Inapumzika." Babu, ambaye naye alikuwa karani, alimpenda huyo kuliko wote. Nadhani alijua ni nani anayechekwa.

Basi maisha yakabana, Mama akaanza kuuza mandazi kwa watu wanaowahi kuvuka mpaka asubuhi. Mandazi yanahitaji karatasi, na karatasi zilikuwamo ndani ya nyumba, zimejaa sanduku zima. Mama hakujua kusoma, kwake karatasi ilikuwa karatasi, akazitaka hizo. Nilimnunia, nikakataa hata kumpepea moto. Jioni yake Papa akaweka sharti lake: hakuna ukurasa utakaotoka nyumbani kabla haujasomwa kwa sauti.

Ndiyo ikawa desturi yetu. Alfajiri, ukungu wa ziwa ungali uani, Papa anakaa juu ya kreti na blanketi mabegani, mimi na wadogo zangu wawili tumemwegemea. Sauti ya Majivuno aliitoa puani, kwa Kiswahili kilichonyooka cha vitabuni, na sisi tuliozoea Kiswahili cha Goma tulianza kucheka kabla kichekesho hakijafika. Mama alikuwa ametupa mgongo, uso wake uko kwenye karai. Hakuwahi kucheka. Ukurasa ukiisha, ananyoosha mkono nyuma bila kugeuka.

"Bon, Papa Faida, leta. Batu banangoja."

Faida ni mimi. Papa aliutazama ukurasa mara nyingine, akampa. Ulikwenda zake mpakani na mandazi ndani, mafuta yakiufanya upenye mwanga, mpaka chifu wa upande huu anaonekana amelala kifuani pa mwalimu wa upande ule.

Siku moja tukafika kwenye hadithi ndefu. Bosi wa Majivuno alimwita juu ya kilima, mbele ya padri na kijiji kizima, akamwambia panda tukuone. Ukurasa uliishia hapo: Majivuno juu ya kiti, miguu hewani, na mbuzi huko chini wanamtazama. Karatasi za siku hiyo zilikuwa zimetosha, Papa akafunga sanduku. Shuleni sikusikia hata neno moja la mwalimu.

Kesho yake niliamka na homa. Nilipofika uani jua lilikuwa limepanda, karai limepoa, na ukurasa ulikuwa umeshavuka mpaka. Nililia kama niliyefiwa. Wadogo zangu nao walikuwa wamelala, lakini mmoja aliniambia Majivuno ameanguka ziwani, mwingine akaapa kwamba amepaa. Nikamwendea Papa. "Basi, akaanza kushuka," alisema, "mbuzi wakamwona..." Kicheko kikamshika, akafuta macho kwa mkono wa shati. "Kesho, Faida." Kila nilipomwuliza aliishia kwenye mbuzi.

Sanduku liliisha, Mama akatia unga humo. Papa alifariki nikiwa shule ya bweni huko Nyundo. Nilimlilia Papa, na katikati ya kilio hicho niliililia pia baiskeli.

Sasa juzi, kutoka Mahoko, nilipita kwa Mama. Amezeeka, macho yamepungua, lakini pua iko vilevile. Alionja andazi moja, akasema mafuta ni ya zamani. Kisha akanisikia naikunja ile karatasi.

"Ungali unatafuta ile ya kinga?" Kinga ndiyo baiskeli.

Nikasema ndiyo.

"We mutoto. Si ungeniuliza mi?"

Nikacheka. Nikamwambia yeye hakuwahi kusikiliza. Mama akaweka andazi chini, akaanza kusimulia puani, na sauti ile ilikuwa ya Papa kabisa.

"Akashuka, frein hakuna, kinga haisimame. Mbuzi bakakimbia. Akapita bosi, akapita padri, helmeti ikabakia ku muti. Akaingia mu shamba ya maharagi. Muke wake akakuja, akamutoa majani mu kichwa, hakumuuliza kitu. Bakarudi ku nyumba. Ye anasukuma kinga, muke anabeba helmeti."

"Uliiona hiyo picha?"

"Picha niangalie namna gani? Nilikuwa na mafuta mu mikono. Nilisikia Papa yako tu."

Nilifungua mdomo nimwambie kwamba Majivuno hakuwa na mke, kwamba magazeti yote yale yalimcheka kwa sababu hiyo hiyo. Nikaufunga. Miaka yote nilidhani Papa anatusomea sisi watoto. Kumbe tulikuwa tunasikiliza maneno ya watu wawili, yeye na Mama, na kwangu mimi aliishia kwenye mbuzi kwa sababu yaliyofuata hayakuwa yangu.

Mama aliliokota andazi lake, akalila lote, na mafuta yake ya zamani.