Eda ya Mwanasha

Kesi ya mauaji ndiyo iliyomtoa wakili Ladislaus mjini Mtwara ikampeleka Nachingwea, mwaka 1978. Serikali ilimpa mteja: Kipriani, mkulima wa Naipingo, aliyeshtakiwa kumuua jirani yake Salimu. Shati la Kipriani lilikutwa na damu. Salimu mwenyewe, hai wala maiti, hakuonekana.

Basi siku ya kwanza tu, mahabusu, Kipriani akamwaga yote. "Nilimpiga jembe. Yumo kwenye kile kisima kikavu, kwenye mashamba ya zamani ya karanga." Alisema kwa utulivu, kama mtu anayeeleza alikomfunga mbuzi. Ladislaus akajuta kumuuliza. Wakili hatoi siri ya mteja wake. Aliapa hivyo, na kiapo alikiamini kwa moyo wote, maskini wa Mungu.

Sasa tazama balaa. Nyumba ya wageni aliyofikia, mpishi wake alikuwa Mwanasha, mke wa Salimu. Miezi saba hajui kama ni mke au mjane. Mchana ule akamwekea ugali na kisamvu, akabaki amesimama.

"Bwana wakili, wewe umezungumza naye. Siombi mtu anyongwe. Niambie tu, nikae eda au niendelee kumsubiri?"

Akisema "kaa," amemnyonga Kipriani. Akisema "subiri," amemdanganya mjane mchana kweupe. Hata "sijui" ilikuwa uongo. Ladislaus akakitazama kisamvu mpaka kikapoa, akitamani ardhi ipasuke immeze.

"Haya," akasema Mwanasha, akaondoa sahani.

Kesho yake akaja mahakamani kutoa ushahidi amevaa nguo za eda. Mwendesha mashtaka akamkazania: nani amemwambia mumewe amekufa? Mwanasha akamtazama Ladislaus, akamtazama sana.

"Hakuna aliyeniambia," akajibu.

Maiti haikupatikana, ushahidi haukutosha, jaji akamwachia Kipriani. Ladislaus akapita nyumbani kwa Mwanasha kuaga. Mwanasha alikuwa ndani, na mwanamke wa eda haonani na wanaume ovyo, kwa hiyo wakasemeshana mlango umefungwa.

"Umeshinda, bwana wakili?"

"Nimeshinda, mama."

"Basi kesi imekwisha. Sasa niambie alipo, nikamzike."

Kesi imekwisha, ndiyo, lakini kiapo hakikuisha nayo. Ladislaus akasimama pale mlangoni, mkoba mkononi, mpaka basi la Mtwara likapiga honi, na Mwanasha hakuuliza tena.