Milima Myeupe ya Rosettenville

Harufu ya pasi ya moto juu ya kitenge kipya ndiyo iliyojaa duka la mama ugenini, mtaa wa Rosettenville, na majira ya baridi ilichanganyika na moshi wa hita ya mafuta ya taa. Mama alikuwa fundi cherehani kutoka Bukavu. Ukutani palikuwa na picha kubwa iliyoachwa na Mreno aliyepanga kabla yetu: safu ya milima ya Ulaya, myeupe juu, misitu na malisho chini. Niliipenda kuliko kitabu chochote cha shule.

Taabu ni kwamba wateja wakiitazama walisikia baridi zaidi. "Mama Furaha, toa hiyo theluji," alisema Bi Mwanaisha wa Tanga, muuza sambusa, akijitanda khanga ya pili. "Mtu anakuja kupimwa gauni, anaondoka na mafua."

Mama akacheka, akasema Jumamosi ataitoa apachike kioo.

Nikaruka mbele ya picha. Nikasema ile si theluji, ni mawe.

"Eish, profesa," akasema Bi Mwanaisha. "Jiwe jeupe hivyo?"

Nilikuwa nimeichunguza sana picha ile. Weupe ulikuwa kwenye kuta zilizosimama wima, na juu palipokuwa tambarare paliota majani. Nikasimamisha majora ya vitenge mezani yawe milima, nikanyunyiza unga wa ugali kutoka juu. Ulitulia kwenye vilele, ukateleza ubavuni hadi chini, kama ambavyo theluji ingefanya.

"Kitenge cha mteja hicho, we mtoto!" Mama alishika ufagio. Lakini Bi Mwanaisha alikuwa ameshasogea hadi pua ikagusa picha.

"Mwache, mama. Kweli, kuta ndizo nyeupe, na huku juu mbuzi wanakula majani. Hili ni jiwe la chokaa, kama la mapango yetu ya Amboni. Mvua inanyesha juu, jiwe linaimeza, maji yanatokea chini kabisa."

"Yanatokea wapi?" akauliza mama, ufagio bado mkononi.

Mchana kutwa kila aliyeingia alitafuta chemchemi kwenye picha, wakabishana, wakasahau baridi. Kioo kikapachikwa nyuma ya mlango.

Shule niliiacha mapema, na tangu hapo sijatulia mji mmoja. Sasa simu inanionyesha milima ile kutoka angani, pamoja na jina la kila kilele. Najua mengi kuliko siku ile. Ila hakuna anayenisukuma kwa kiwiko ili naye aweke kidole, akiapa kwamba maji yanatokea hapa.